Mwaisha na Sahani ya Pili

Mwaka ule wa unga wa njano, Mnyamwezi aliyeshuka stesheni ya Morogoro na kofia kichwani, akafika nayo sokoni, basi huyo alizaliwa na bahati yake. Si kwamba mji ulikuwa na wezi wengi. Wezi walikuwepo wa kadiri, kama mji wowote. Tatizo lilikuwa mwanamke mmoja mfupi wa miaka hamsini na ushei, mwenye sauti ya kuamsha walevi, ambaye aliuza uji katika banda la nyuma ya stesheni. Aliitwa Mwaisha binti Kibwana. Alikuwa Mluguru wa mjini, mjane, mtu wa sala tano na maneno elfu tano, na treni ya bara ikipiga honi tu, yeye alikuwa ameshafunga kibwebwe na kusimama mlangoni pa stesheni akichagua vichwa.

Msomaji asije akashtuka. Waluguru na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, wapagazi walipokuwa wakipita chini ya milima hii na mizigo ya watu vichwani. Mtani ana ruhusa ya kukupokonya kitu chako mchana kweupe, akakutukana wewe na babu yako, na wewe ukacheka. Kisha unakigomboa kwa anachotaka yeye. Usipokigomboa mpaka jua likapinda, kimekwenda. Na ukikasirika, aibu ni yako, si yake.

Wengine wakipokonya hudai sigara, wengine pombe. Mwaisha alidai sahani mbili. Sahani ya kwanza uketi uile mwenyewe, tena kwa mama mpishi atakayekuonyesha yeye. Sahani ya pili uilipie, halafu usiulize imekwenda wapi. Ilikuwa inakwenda kwenye benchi.

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja juu ya madebe mawili, ukutani. Hapo waliketi watu walioshuka kutoka milimani na wagonjwa wao kwenye machela. Mgonjwa akishalazwa hospitali alipewa chakula cha hospitali, kidogo lakini kipo. Aliyemleta hakupewa kitu. Ndizi alizofunga kwenye kikapu ziliisha siku ya pili, ya tatu alikunywa maji, na ya nne alianza kuzunguka mjini akitazama masufuria ya watu kwa adabu kubwa. Mlimani kwao nako mvua ilikuwa imekataa mwaka wa pili, kwa hiyo hakukuwa na wa kumletea kikapu kingine.

Kwenye banda walikuwa wanawake watano, na wote hali zao zilikuwa taabani. Unga ulipatikana kwa foleni katika duka la ushirika, tena ule wa njano kutoka ng'ambo ambao watu waliuita unga wa Yanga kwa rangi yake, na wakali wa soka wa upande wa pili waliapa hawatautia mdomoni, kiapo kilichodumu mpaka saa sita mchana. Wateja walipungua. Mama mmoja angepika sufuria nzima, akauza sahani nne, jioni akarudi nyumbani na chakula kilichochacha. Aliyeteseka zaidi ya wote alikuwa Rosa, mjane kijana kutoka Mgeta, mpishi wa makande. Huyu alikuwa mpole kiasi kwamba mteja akipita alitazama chini, kana kwamba yeye ndiye anayedaiwa.

Jambo hilo lilimuudhi Mwaisha kuliko njaa yenyewe. Chakula kinachacha hapa, mtu anazimia kwa njaa hatua ishirini kutoka hapa, na kilichokosekana katikati ni mtu wa kulipa tu. Aliwaza siku mbili nani awe mtu huyo. Siku ya tatu treni ikaleta Wanyamwezi kumi na mmoja, na kila mmoja alikuwa na kofia.

Basi mambo yakaenda hivyo miezi minane. Asubuhi Mwaisha alipita akichungulia masufuria ya wenzake, akatangaza leo ni zamu ya nani. Aliyekuwa na chakula kingi kisichotoka ndiye aliyeletewa mateka. "Leo ni ya Rosa," alisema, na mchana ungeona bwana mzima wa Tabora, fundi wa reli mwenye wajukuu, ameketi kichwa wazi akila makande huku Mwaisha amevaa kofia yake akimweleza abiria mwingine kwamba makande ya Mgeta yana njegere laini, maharage yaliyochemka sawasawa na nazi isiyobaniwa, na kwamba Mnyamwezi mmoja aliyaonja akasahau treni. Mabwana hao walicheka mpaka machozi. Wengine walirudi wiki iliyofuata na kofia mpya, wakaiegemeza upande makusudi.

Kisha akashuka bwana mmoja wa asali.

Ilikuwa Jumatatu. Alikuwa mtu mrefu wa miaka thelathini na tano hivi, ndani ya kaunda suti iliyopigwa pasi ikapigika, kichwani hana kitu. Lakini mkononi alibeba kilindo, lile kopo la gome la mti wanalowekea asali huko Tabora. Mwaisha akapiga hesabu ya haraka. Treni ya bara, kilindo, asali. Huyu kama si Mnyamwezi, basi hakuna Mnyamwezi duniani. Haikumjia hata kidogo kwamba treni ikisimama Tabora, asali huuzwa dirishani kwa mtu yeyote mwenye mkono.

"Mnyamwezi wee," alisema, na kilindo kikawa tayari kwapani mwake, "babu yako alipita hapa na mzigo wa Mwarabu hata shati hana, leo wewe unatembea na asali kama umeoa nyuki?"

"Mama, rudisha hicho chombo," alisema yule bwana.

"Sikieni anavyojua kununa."

"Mimi sina utani na mtu. Nimesema rudisha."

Hapo Mwaisha akafurahi kwelikweli. Watani wa kawaida hucheka mara moja, na utani ukaishia hapo. Watani mahodari ndio wanaokunja uso. Kulikuwa na mmoja, dereva wa treni, aliyewahi kumpeleka mpaka mlango wa kituo cha polisi kwa uso mkavu, kisha akaanguka chini kwa kicheko. Kwa hiyo kadiri huyu bwana alivyozidi kufura, ndivyo Mwaisha alivyozidi kumheshimu. Alimtajia masharti: sahani mbili za makande kwa Rosa pale, kabla jua halijapinda, la sivyo asali inaingia kwenye uji.

Bwana akatoa daftari dogo mfukoni, akaandika kitu, akaenda zake bila kugeuka. "Huyu ni bingwa," Mwaisha aliwaambia wenzake.

Jua likapinda, bingwa hakurudi. Sheria ni sheria. Jioni ile uji wa benchi ulitiwa asali, katika mji ambao sukari haikuonekana tangu Mfungo Tatu, na watu wa mlimani walikunywa kimya, wakapitisha vidole ndani ya vikombe, wakakilamba na kilindo.

Jumatano katibu kata, Mzee Hatibu, aliitisha mkutano wa kumtambulisha bwana afya mpya. Mwaisha alikwenda mapema, akaketi mbele, maana hakupenda kukosa jambo. Mgeni alipoinuka, ilikuwa ni ile kaunda suti. Jina lake, alisema katibu, ni Ndugu Furaha. Watu walimtazama usoni, wakatazamana. Jina alipewa na wazazi, uso alijichagulia mwenyewe.

Ndugu Furaha alihutubia vizuri, lazima tuseme. Alisema amechoka kila aendako kuulizwa kabila lake. Yeye hana kabila. Yeye ni Mtanzania. Mambo ya huyu Mluguru, huyu Msukuma, huyu nani, ni mabaki ya ukoloni, na mtu atakayetaja kabila ndani ya ofisi ya umma atakuwa amevunja umoja wa taifa. Makofi yakapigwa mpaka mbuzi wakakimbia, na Katibu Hatibu, ambaye hakuacha neno lipotee chini, akaandika yote katika daftari la kumbukumbu. Kisha mgeni akaongeza mambo mawili. Banda la chakula nyuma ya stesheni ni chafu, na Jumamosi litavunjwa. Na mwanamke aliyempokonya mali yake mchana kweupe afikishwe asubuhi ya siku hiyohiyo mbele ya baraza la usuluhishi la kata, kwa wizi.

Mwaisha alijikuta bado anapiga makofi peke yake.

Siku mbili zilizofuata hakupokonya hata leso. Wenzake hawakumlaumu kwa maneno, na hiyo ndiyo iliyomuuma. Rosa alikuwa na watoto watatu wanaokula kutokana na sufuria ile. Mwingine alikuwa na mama kipofu. Wote watano wangelala njaa kwa sababu ya domo la mtu mmoja aliyeona asali akadhani ameona kabila. Usiku wa Ijumaa aliamua. Atakiri wizi, aombe afungwe yeye, na banda liachwe. Alijifariji kwamba gereza la Kingolwira halikuwa mbali, lina shamba kubwa, na alisikia huko maharage ni kila siku.

Jumamosi asubuhi ofisi ya kata ilijaa hadi madirishani. Wazee watano wa baraza waliketi kwenye fomu ndefu ya mbao, Katibu Hatibu mezani na daftari lake, Ndugu Furaha upande mmoja amenyooka. Alieleza kisa chake kwa ufupi na kwa ukweli, hakuongeza chumvi hata chembe. Mwaisha alisimama. Aliyatayarisha maneno yake usiku kucha.

"Wazee wangu, nimechukua kweli. Nipelekeni Kingolwira mimi. Lile banda—"

"Naomba kuuliza," ilisema sauti ndogo kutoka nyuma.

Watu waligeuka. Alikuwa Rosa, ambaye tangu afike mjini hakuna aliyemsikia akisema zaidi ya karibu na ahsante. Alishika ncha ya kanga yake kwa mikono miwili na macho ameyaelekeza sakafuni.

"Shikamooni wazee. Mimi ni mtu wa Mgeta, mambo ya ofisi siyajui. Kwetu mtu akichukua kitu cha mtani wake, huo ni utani. Akichukua cha asiye mtani, huo ni wizi. Sasa nilitaka kujua tu, huyu ndugu yetu ni mtu wa kabila gani, ili tujue ni kipi kati ya hivyo viwili."

Aliuliza kwa moyo mweupe kabisa. Mwaisha alikuwa tayari kuapa hivyo mpaka mwisho wa maisha yake, ingawa wako waliosema watu wa Mgeta si wa kuchezewa.

Ndugu Furaha alifungua kinywa kujibu. Kisha akakifunga. Chumba kizima kilimwona akikifunga.

Katibu Hatibu alilamba kidole, akafunua daftari polepole, ukurasa hadi ukurasa. Alikuwa mtu mwoga wa serikali, na mtu mwoga wa serikali hawezi kuacha maandishi yapite. Akasoma: "Ndugu Bwana Afya alisema yeye hana kabila, na mtu atakayetaja kabila ndani ya ofisi ya umma atakuwa amevunja umoja wa taifa. Wajumbe walipiga makofi kwa muda mrefu."

"Kwa muda mrefu," alikubali mzee mmoja wa baraza.

"Swali la mama huyu lenyewe nalo lina kasoro, nitaliandika kama lilivyo," aliendelea katibu. "Lakini, ndugu, tuna njia mbili. Ama ututajie, nami niandike kwamba umebadili msimamo, na nakala iende wilayani kama kawaida. Ama mstari ubaki."

Mwaisha aliuma ncha ya mtandio wake kwa meno yote aliyobakiwa nayo. Moyoni alikuwa akiomba dua mbili kwa mpigo, moja asicheke, nyingine yule bwana asipate akili ya kutoka nje kwanza ndipo ajibu.

"Mstari ubaki," alisema Ndugu Furaha.

Wazee wakanong'onezana. Mkubwa wao akasema kwamba ndugu aliyekuja hapa hana kabila, na mtu asiye na kabila hawezi kuthibitisha kuwa si mtani wa mtu. Baraza halina la kufanya. Vicheko vikaanza dirishani, vikaingia ndani, na hata katibu aliinamia daftari lake muda mrefu kuliko maandishi yalivyohitaji. Mwaisha akageuka atoke. Miguu ikamkatalia, akashika fremu ya mlango, akasimama hapo kidogo kama mtu anayetafuta kiatu, kisha akaenda. Alidhani hakuna aliyeona.

Nje, Ndugu Furaha aliwapita wanawake wote watano. "Shauri la asali limekwisha," alisema. "La banda bado. Nakuja saa saba."

Kicheko kikakatika. Walirudi bandani, wakawasha moto kwa sababu mikono haikujua kitu kingine cha kufanya. Watu wa mlimani nao waliketi kwenye benchi lao kama kawaida, wakingoja kuona kama leo kuna sahani. Saa saba akafika, peke yake, hakuwa na mgambo wala nyundo, ana daftari tu. Alizunguka. Aliinua kitambaa, akakirudisha. Alichungulia ndoo ambayo sahani zote za siku zilioshwa kwa maji yaleyale. Alihesabu masufuria yasiyofunikwa na inzi walioalikwa. Kila alichokisema kilikuwa kweli, na Mwaisha, ambaye alikuwa na jibu la kila kitu, aliisogeza ndoo ile nyuma kwa mguu.

Kisha bwana afya akanyoosha mkono, akauchomoa upawa wa uji mkononi mwa Mwaisha, akautia kwapani.

"Nimechukua," alisema.

"Umechukua nini?"

"Upawa. Baraza limeamua kwamba hamuwezi kusema mimi si mtani. Na utani, nimeulizia, una pande mbili."

Uso wake haukubadilika hata kidogo. Wanawake walitazamana, hawajui kama wacheke au wakimbie. Akawatajia masharti ya kugomboa banda: maji ya kuoshea yabadilishwe kila sahani kumi, ya kunywa yachemshwe, kila sufuria lipate kifuniko. Anarudi baada ya wiki mbili, na akikuta bado, anachukua na masufuria. Rosa ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheka, kwa sauti, mkono mdomoni.

"Na upawa wangu?" aliuliza Mwaisha. Damu ilikuwa imeanza kumchemka tena kwa raha. Alikuwa amempata mtani wa kweli, tena bingwa kama alivyosema.

"Upawa ni sahani mbili."

"Haya, haya. Rosa, mpakulie Mnyamwezi wetu asiye na kabila. Ya kwanza yako, bwana, na ya pili—"

"Hapana. Zote mbili ni zako. Na utaketi pale."

Alionyesha benchi.

"Mimi nimekula nyumbani," alisema Mwaisha upesi.

"Umekula nini?"

"Ugali."

"Wa unga gani, mama?" Alisema kwa sauti ya chini, na kwa mara ya kwanza alimwita kama mtu anavyomwita mama yake. "Mgao wako wa wiki niliuona kwenye daftari la ushirika. Wote uko kwenye sufuria hili. Mimi kazi yangu ni kutazama miili ya watu. Miguu yako imevimba, na asubuhi ulishika mlango."

Rosa alikuwa amepika ubavuni mwa Mwaisha miezi minane, na sasa alijaribu kukumbuka siku moja tu aliyomwona akitia kitu kinywani zaidi ya chai kavu. Hakuikumbuka. Aliona aibu, akaiona na kwenye nyuso za wenzake.

Mwaisha alihisi hasira ikimpanda. Kuvuliwa nguo mbele ya watu kungekuwa nafuu. Alikuwa na matusi mazuri tayari, mengine hajawahi kuyatumia. Lakini macho yote yalikuwa kwake, na kila mtu pale alijua, kwa kuwa yeye mwenyewe aliwafundisha abiria wa reli nzima, kwamba akikasirika mtu katika utani, aibu ni yake. Akajifunga kanga upya bila sababu, akaenda kwenye benchi.

Watu wa mlimani walisogea kumpa nafasi. Walikuwa wanajua jinsi ya kukaa pale. Rosa akaja na sahani ikiwa imefurika, akaiweka magotini kwake kwa mikono miwili, kama anavyoandaliwa mkwe. Mwaisha akatia kijiko mdomoni. Machozi yakamtoka na hakuyaficha.

Makande yalikuwa matamu. Miezi minane alikuwa akiyasifu kwa wageni, maharage, njegere na nazi yake, na hakuwahi kuyaonja.

Alikula mpaka sahani ikawa nyeupe. Akamtazama yule bwana, aliyekuwa bado amesimama na upawa kwapani na uso umekunjamana, akavuta sahani ya pili.